Kifuniko cha Skrubu Nane

Matiliku, Jumapili jioni

Mwende, mwaitu,

Wewe na mama yako mmeenda kanisani kuombewa safari, nami nimebaki hapa karakana nikisingizia mnyororo wa pikipiki. Mnyororo hauna shida. Niliukaza jana na wewe ulikuwa umesimama hapo hapo ukiniangalia. Nimebaki ili nikuandikie, maana maneno haya nikiyasema mbele yako nitayageuza mzaha kabla hayajafika nusu. Na mchungaji wetu akianza kuombea msafiri huanzia Mwanzo akaenda zake polepole mpaka Ufunuo, kwa hivyo muda ninao.

Nimeinuka mara tatu kufuta tangi ambalo ni safi, na si wasiwasi. Ni furaha. Kesho msichana wangu, aliyebeba jina la mama yangu mpaka namwita mwaitu, kama nilivyomwita yeye, mbele ya watu, anapanda pikipiki ya Kiitaliano iliyozaliwa kabla yangu mimi. Anapita Kasikeu, anaingia barabara kuu, anapita Malili na malori yake, mpaka Nairobi, kwenye karakana ambayo kazi yake ni kufufua pikipiki kuukuu za Kiitaliano. Na huko watamlipa kwa yale aliyokuwa akiyafanya hapa bure huku akigombezwa! Nimejaribu kukaa kitako tangu asubuhi nimeshindwa.

Habari za kula vizuri na kuvaa sweta sitakuandikia. Mama yako amekuambia tangu Jumatano, na hata kesho ataning'inia kwenye dirisha la jikoni akikuambia tena. Mimi nina jambo moja. Nimelificha miezi minane, na sitaki uwashe injini kesho kabla hujalijua. Ukishalijua utaamua mwenyewe kama baba yako ni wa kuagwa au wa kupitwa kimya. Lakini niache nianzie mbali, kwa sababu jambo lenyewe limeanzia mbali, na pia kwa sababu napenda kulisimulia.

Ulikuwa umemaliza kidato cha nne mwaka ule. Mimi mchongaji, mwana wa mchongaji, nimechonga twiga mpaka nikilala naota shingo. Watalii walipopungua nikaanza kutengeneza pikipiki za bodaboda, kwa sababu mkono uliozoea patasi haukai bure. Ndipo dereva mmoja akaniambia kwamba kule Kitui mjini, nyuma ya duka la Mzee Athmani, kuna pikipiki ya ajabu, ina silinda moja tu, na silinda yenyewe imelala chali. Sikulala siku hiyo. Asubuhi nilikuwa barabarani, na kwapani nimebeba kifaru wa mpingo niliyemfunga kwa gazeti, wa kulainisha maongezi.

Hii sehemu hujawahi kuisikia yote. Mzee Athmani alinipokea kwa kahawa na tende, akafungua stoo, na hapo ndani, chini ya magunia, nikaona gurudumu la chuma limekaa nje ya injini, limejaa kutu, kubwa kama sinia la pilau. Nikajikaza nisionyeshe tamaa, nikampa kifaru wangu.

Mzee akamfungua taratibu, akamtazama pembe, akamtazama kwato, kisha akamrudisha ndani ya gazeti.

"Mkono wako mzuri, mashaallah," akaniambia. "Lakini sanamu sitii nyumbani mwangu, bwana fundi. Utanisamehe."

Nilitamani ardhi ipasuke. Miaka yote hiyo nauzia watu wanyama, na sikuwa nimejiuliza hata siku moja kama yuko mtu asiyewataka. Yeye akanimiminia kahawa nyingine, akasema ile pikipiki ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyekuja kutoka pwani kununua ngozi na asali, na aliinunua kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa akijenga barabara. Hakuwa na haja ya kuiuza kwa pesa nyingi. Alichotaka ni marfaa, kile kiegemeo cha mbao cha kuwekea Kurani, kinachokunjuka kikawa kama herufi X, na kinatoka kwenye ubao mmoja bila gundi wala msumari.

"Utaweza?"

"Naweza," nikasema, na sikuwa nimewahi kukiona kwa macho.

Nilipasua mbao tatu. Ya nne, wewe ndiye uliyechukua karatasi ya kalenda, ukaikata, ukaikunja, ukanionyesha mahali meno yanapopishana. Nilipompelekea Mzee Athmani akaifungua na kuifunga mara kumi kama mtoto na mlango, akauliza nilijifunza wapi. Nikamwambia, "Ni akili tu ya fundi." Sikusema ya fundi yupi. Huo ndio ulikuwa mwanzo wangu, na ulikuwa mdogo sana, ndiyo maana sikuuona.

Tuliileta nyumbani kwa pikapu pamoja na mbuzi wawili wa mtu mwingine. Mama yako akaizunguka mara moja, mikono kiunoni, akauliza, "Hii umenunua ya kuendesha ama ya kuzika?" Wewe ulipiga magoti, ukapuliza vumbi kwenye tangi, herufi zikatokea moja moja, ukazisoma kwa sauti ukizitamka vibaya, na ukacheka. Mpaka leo sijasikia kicheko kingine kama kile.

Basi tukaifungua. Umewahi kuwa na miezi mizuri kama ile? Mimi sijawahi. Kabureta tuliikuta imejaa mayai ya buibui. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda mpaka tukaiwekea mafuta ya taa wiki nzima, na kila jioni ukija unaigonga kidogo na kipande cha mti, unaweka sikio, unasema, "Bado, Baba." Siku iliposogea ulipiga kelele majirani wakadhani ni nyoka.

Kisha tukafika kwenye kifuniko. Upande wa kulia wa injini, mahali gia zinapokaa, hapakuwa na kitu. Baba yake Mzee Athmani alikigonga kwenye jiwe akivuka mto wa mchanga, kikavunjika, na ndiyo sababu iliwekwa stoo. Mahali pa kununua kingine hatukujua. Tukasema tutakitengeneza: mimi nichonge cha mti, tukipeleke kwa Mwanzia, yule fundi wa sufuria pale Kasikeu, akizike kwenye mchanga, akitoe, amimine alumini mahali pake. Ulibandika karatasi ya kalenda kwenye injini ukapitisha kidole chenye grisi, na kila tundu likajichora lenyewe. Matundu manane.

Nilichonga siku nne. Ee, mwaitu, kile kifuniko cha mti kilikuwa kizuri! Cha jakaranda, kimepigwa msasa, ukikiweka juu ya injini kinakaa hata wembe hauingii. Na hapo ndipo kosa lilipokuwa. Sisi wachongaji tumelelewa hivyo: sifa ni kufanana. Babu yako alinipiga kofi kwa sababu ya sikio la ndovu lililozidi kidogo tu. Hakuna mchongaji wa Ukambani atakayechonga kitu kwa makusudi kiwe kikubwa kuliko kinachotakiwa. Mkono wenyewe utakataa.

Pale Kasikeu, Mwanzia ameshayeyusha sufuria kuukuu, watu wamejaa kuangalia, wewe ukaniambia, na hukuniambia kwa dharau, "Baba, lakini si hii chuma itapunguka ikipoa? Sabuni ya Mama ikikauka kwa mkebe huwa inajitoa pembeni."

Mwanzia akacheka. "Sufuria ikipunguka kidogo nani atajua? Bora ipike."

Nami, kwa sababu watu walikuwa wanaangalia, nikakwambia, "Sikio halipiti kichwa. Shika hiyo karai unyamaze."

Ukashika karai, ukanyamaza. Nimekisikia kile kimya chako mara nyingi tangu siku hiyo.

Kifuniko kikatoka kinang'aa. Tukakifikisha nyumbani, nikakiweka juu ya injini. Matundu mawili yalikubali. Sita yalikataa, kila moja limekosea kwa unene wa sarafu. Mtu mwenye akili angekaa akafikiri. Mimi nikachukua tupa. Nikayakereza yale matundu mpaka yakawa marefu kama maharagwe, nikalazimisha skrubu, nikapiga kiki bila kurudisha moto nyuma, yaani kuichelewesha kwanza cheche ya plagi, ingawa Mzee Athmani alikuwa ameniambia wazi, "Huyu hapigwi kwa hasira, fundi." Kiki ikanirudishia teke. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku hiyo mkuu mwenyewe ndiye aliyevunjika guu. Na ilipowaka hatimaye, iliunguruma kama dakika mbili hivi, oili ikatapakaa uwanja mzima, kuku wa mama yako wakatoka hapo weusi.

Nilichechemea kanisani Jumapili tatu. Watu wakiniuliza nasema ni baridi.

Wewe hukunicheka. Ulikwenda kwa Mwanzia peke yako, siku baada ya siku, ukiwa na vijiti vya mti vya urefu mbalimbali. Ukamwomba avimimine, ukavipima vikiwa vimepoa, ukaandika. Kisha ukaja na ubao mwembamba uliochora mistari. Rula, lakini ya uongo: kila sentimita yake imezidi sentimita kidogo, kama ulivyopima chuma kinavyopungua. Ukaiweka mezani pangu karibu na patasi, ukaenda kufua. Hukusema "nilikuambia." Hata leo sijui ulipata wapi adabu hiyo, kwangu hukuipata.

Nilikaa nayo siku mbili bila kuigusa. Unajua ni vigumu kiasi gani kwa mtu aliyechonga miaka thelathini kwa jicho, kuambiwa na ubao kwamba jicho lake si sawa? Siku ya tatu nikafunga mlango nisionekane, nikachonga kwa rula yako. Kila mstari mkono wangu ulikuwa unalia, "Kubwa, kubwa, kubwa."

Na kikaingia! Unakumbuka? Skrubu nane, zote zikazama kwa vidole tu, bila hata bisibisi. Ulirudisha moto nyuma, ukasimama juu ya kiki ukaisukuma kwa uzito wako bila pupa, ikawaka. Dum. Dum. Dum. Polepole hivyo, na lile gurudumu la chuma linazunguka nje, ardhi inatetemeka kwenye nyayo. Tulikumbatiana na mikono yetu yote oili. Na kabla hatujaachana, mama mmoja akaingia getini na debe la mahindi kichwani.

"Hodi! Mumefungua posho mill? Nani yuko kwa laini?"

Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo haina jina lingine Matiliku nzima. Wewe ulimsaidia yule mama kutua debe, ukampakia nyuma, ukampeleka mpaka kwa kinu cha kweli, debe limelala mapajani mwake, na alirudi akihubiri habari zako sokoni.

Sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo furaha yangu inapokuwa na doa. Nilipokuwa nimefunga ule mlango, nikichonga kwa rula yako, upande wa ndani wa kifuniko, mahali ambapo hapaonekani isipokuwa na mtu anayefungua injini, nilichonga herufi zangu. J.K., Joseph Kioko. Zikatoka kwenye alumini safi kabisa. Na wewe ndiye uliyekifunga. Nilikuona ukikigeuza, nikaona macho yako yakisimama pale, kama vile mtu anasoma kibao cha barabara. Kisha ukaomba skrubu ya kwanza.

Nilikupa. Ningeweza kusema kitu hapo, palikuwa na nafasi ya kutosha kati ya skrubu ya kwanza na ya nane.

Tulipoipeleka Kitui, Mzee Athmani alitoka dukani kabla hatujasimama. Alikuwa ameisikia tangu kona ya chini. Aliweka kiganja kwenye tangi, akafumba macho, na akasema, "Hiyo ndiyo sauti iliyokuwa ikinitoa shule mbio." Akaniombea dua ndefu, mimi, Joseph Kioko, fundi. Wewe ulikuwa umeshika kofia mbili za pikipiki. Nikaitikia "Amina" peke yangu.

Habari zikatembea. Unamjua Odera, mwenye karakana ya Nairobi, kwa simu, lakini hujui kwamba ameshafika hapa. Alikuja siku moja ukiwa kazini Kasikeu, pale dukani unapouza dawa ya kupe. Mtu mrefu, mpole, ana kucha nyeusi kama zetu. Alilala chini kabisa, kwenye vumbi, akaangalia injini kutoka chini, akasema hajaona kifuniko cha kumimina kilichokaa hivyo nje ya kiwanda. Kisha akaona rula yako ukutani. Akaichukua, akailinganisha na yake ya chuma, akaniangalia.

"Mzee, hii rula ni nani alitengeneza?"

Nikasema, "Ni mimi."

Neno dogo hivyo. Nilifikiri litaishia pale.

Akanialika Nairobi nikawaonyeshe vijana wake. Niliwaambia nyinyi nakwenda kuona mteja Malili. Uongo. Nilikuwa kwenye ile karakana siku mbili, na mwaitu, nakwambia ukweli, ni pazuri kuliko ninavyoweza kueleza! Pikipiki za Kiitaliano zimepangwa kama ng'ombe zizini, nyekundu, kijani, nyingine bado mifupa. Wenye pikipiki hizo ni watu wazima walioziona utotoni na wanazitaka zirudi barabarani. Mtu anasikiliza injini mchana kutwa na hakuna anayemwambia anapoteza muda. Nilikuwa natembea mle ndani, na kila kitu nilichokiona nilikuwa namwambia mtu ambaye hakuwepo: Mwende, ona hii. Mwende, angalia hapa.

Siku ya pili Odera akaniletea kazi. Kipande kidogo cha shaba, cha kushikilia ekseli. "Mzee, na kwa shaba rula inabadilika?" Nami, badala ya kusema sijui, nikasema ni ile ile. Tukachonga, tukamimina. Kikatoka kidogo, hakifai hata kuwa pete. Vijana wakaangalia pembeni kwa heshima, na heshima ya namna hiyo inaunguza. Odera akanipa chai, akangoja ninywe nusu, ndipo akauliza tena, kwa upole ule ule, ni nani alitengeneza rula.

"Ni ya msichana wangu," nikasema.

Hakunikaripia. Alisema tu, "Basi nilialika mtu ambaye siye. Nafasi iko, Mzee. Mwambie aje."

Hiyo ilikuwa miezi minane iliyopita.

Soma tena, nimeandika nikijua ninachoandika. Miezi minane nafasi yako ilikuwa inakungoja Nairobi, na mimi nilikuwa najua, na kila jioni unarudi kutoka Kasikeu unanuka dawa ya kupe, unauliza, "Baba, leo umefungua nini?" na mimi nakuonyesha plagi. Nilijiambia nangoja wakati mzuri. Nilijiambia Nairobi ni mbali, mama yako atalia, karakana itafungwa. Yote ni maneno ya kufunikia. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na nyuma ya aibu palikuwa na hofu: ukienda, watu watajua ni nani alikuwa fundi hapa. Wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimeshazaa, ndipo nikaanza kuficha.

Kilichonivunja ni wewe. Jioni moja mwezi uliopita umeingia mbio, hujavua hata lile koti la kazi, umeshika vijiti viwili vya shaba. Ulikuwa umekusanya kufuli zilizovunjika pale dukani, ukampelekea Mwanzia azimimine. Ukasema, "Baba! Shaba inapunguka kushinda alumini! Inataka rula yake!" Uso wako ulikuwa unawaka. Hukujua hata kidogo kwamba kipande cha shaba kilikuwa kimenikalia moyoni miezi yote ile. Nilitoka nje nikasema naenda kufunga mbuzi. Nililia pale zizini, mbuzi wakiniangalia.

Asubuhi nikampigia Odera. Nikakuambia wewe kwamba "kuna mtu Nairobi amesikia habari zako," kana kwamba amesikia jana. Ukaruka, ukanikumbatia, ukanishukuru mimi! Ile asante ndiyo inayoandika barua hii. Siwezi kukuacha uende nayo, haikuwa yangu.

Nisamehe, Mwende. Nimelisema bila kulipamba. Sikuombi usikasirike, ukitaka kukasirika kasirika, una haki, barabara kuu ni ndefu na kofia ya pikipiki inaficha uso. Ila usije ukafikiri kwamba sikuona. Niliona kila kitu ulichokifanya tangu ile karatasi ya kalenda. Niliona, nikapenda, nikatamani kiwe changu.

Na kama kuna jambo moja ninalojua sasa ambalo sikulijua, ni hili la kusema "sijui" mapema, chai ikiwa bado moto. Kule kwa Odera utaulizwa mengi usiyoyajua. Mimi neno hilo lilinishinda. Wewe huna shida hiyo, kwa hivyo hata sijui kwa nini nakuandikia. Pengine najiandikia mimi.

Barua hii naiacha kwenye usukani, uisome ukiwa hapa karakana; sasa inua macho. Juu ya kiti cha pikipiki kuna kitu nimekifunga kwa leso ya mama yako, ile ya bluu, naye ameniruhusu kwa shida. Ni kifuniko kipya. Nimekichonga wiki mbili hizi, kila ukienda kazini, na Mwanzia amekimimina Alhamisi na kuapa kunyamaza, na kwa Mwanzia kunyamaza ni kazi kubwa kuliko kumimina. Nimetumia rula yako kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna mahali nilipotumia jicho. Ndani yake kuna herufi mbili, M.K., na hizo nimezichonga kubwa kuliko zangu, kwa sababu chuma hupungua.

Sijakijaribu. Ningefungua injini ungegundua. Kwa hivyo sijui kama kitaingia, na tangu Alhamisi natembea kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Kesho kabla ya chai, weka karai chini, oili isimwagike kwenye kuku, fungua kile cha zamani, ujaribu hiki. Gasketi, ile karatasi ya kuzuia oili, nimeshakata, iko ndani ya leso. Na tafadhali, usinihurumie. Tupa nimeificha. Kama tundu moja tu limekataa, basi bado sijajifunza, rudisha kile cha zamani uende zako, na mimi nitaanza tena Jumanne.

Nasikia mnaimba wimbo wa mwisho, upepo unauleta. Inabidi nipake mikono oili nionekane nimefanya kazi.

Kesho sitakuja karakana. Nitakuwa jikoni nikipuliza moto ambao umeshawaka. Nikisikia posho mill inasaga nitatoka mlangoni. Usiseme kitu, na mdomo wangu nitaufunga. Niinulie tu mkononi kile cha zamani, chenye jina langu, nikione kiko nje ya injini. Hapo nitajua zimeingia zote nane.

Baba yako,
Kioko